Bati la Apolinari

Sajini Mwishehe wa upelelezi hakuipenda mvua, na masika ya mwaka ule wa 1953 yalimfanyia inda. Jumanne saa mbili asubuhi alifika dukani kwa Kutbuddin, Magomeni, akiwa amelowa mpaka soksi. Alisimama juu ya gunia lililotandikwa mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee Kutbuddin."

"Marahaba, Sajini. Nikumiminie chai?"

"Chai itasubiri. Mie nimepewa mpaka kesho saa tatu."

Kutbuddin, mzee wa Kibohora aliyekuwa akiuza na kutengeneza baiskeli tangu kabla ya vita, aliliweka birika chini. Alijua maana ya saa tatu. Magomeni nzima ilijua. Kesho saa tatu asubuhi Revelian, karani kijana wa forodhani, angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kumuua mwenzake Apolinari, na shtaka la namna hiyo likishashika njia, mwisho wake ni kitanzi. Bwana Pringle, mkuu wa Mwishehe, alikwisha kuandika taarifa yake. Alimwagiza Mwishehe akusanye vielelezo vilivyobaki, basi. Mwishehe aliitikia "ndiyo, Bwana", kisha akatoka kwenda kuanza upya, kwa kuwa kesi iliyokaa sawa mno ilikuwa ikimkosesha usingizi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila Jumapili ya masika chama cha baiskeli cha Magomeni kiliwatoa watu wake pale dukani mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili, waende mpaka nguzo iliyosimikwa njia panda ya Kawe na kurudi. Hapakuwa na kushindana bega kwa bega. Kila mtu alipambana na saa, na mvua, na miguu yake mwenyewe. Shingoni alivaa bati dogo lenye namba, limefungwa kwa uzi wa katani. Akifika kwenye nguzo hupiga kengele ya baiskeli yake, hulivua bati, hulitungika kwenye waya wa nguzo, hugeuza. Jumapili iliyopita walitoka wanane. Apolinari alikuwa namba sita, shemeji yake Alfonsi namba saba, na Revelian namba nane, wa mwisho. Wakarudi saba. Jioni Apolinari alionekana ndani ya kijito, mdomoni mwa kalavati la Mlalakuwa, kipaji cha uso kimepasuka na mapafu yamejaa maji.

"Nieleze ule ugomvi," Mwishehe alisema.

"Jumapili ya kabla yake, Revelian alimshutumu Apolinari kwamba humfuata mgongoni ajikinge upepo. Kwetu sisi huo ni wizi. Walisukumana hapo uani, baiskeli zikagongana. Revelian akasema mbele ya watu wote, 'Siku moja nitakutupa mtaroni.'"

"Na ile rangi ya kijani kwenye usukani wa Revelian? Baiskeli ya marehemu ni ya kijani. Bwana Pringle kaiandikia ukurasa mzima."

"Ni ya siku hiyo hiyo ya ugomvi. Alhamisi aliniletea usukani niunyooshe, na alama ilikuwapo. Bwana wako angeniuliza ningemwambia."

"Hakukuuliza?"

"Alinunua betri za tochi, akaenda zake."

Mwishehe alipiga mstari kwenye daftari. Ukurasa mmoja wa Bwana Pringle umekufa. Lakini ulibaki ule mbaya zaidi, nao ni karatasi ya mtunza nguzo. Karatasi ilisema namba saba alizunguka saa tatu na dakika arobaini na nane, namba sita arobaini na tisa, namba nane hamsini. Maana yake katika kurudi Apolinari alikuwa mbele ya Revelian kwa dakika moja, na nyuma ya Revelian hapakuwa na mtu. Kati ya Kawe na Mlalakuwa walikuwa wawili tu, na mmoja wao kafa. Naye Revelian alishikilia kwamba hakumwona Apolinari, kwenda wala kurudi.

"Mabati yenyewe yako wapi, Mzee?"

Kutbuddin alielekeza kidole ukutani. Waya ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, chini ya ubao mweusi wenye majina manne. Chama kilikuwa na desturi hiyo: aliyezunguka nguzo Jumapili zote nane za masika huandikwa ubaoni kwa rangi nyeupe. Kasi haihesabiwi, kinachohesabiwa ni kufika. Jina la nne lilikuwa la Apolinari, na rangi yake ilikuwa bado inanuka.

"Nimeliandika jana, baada ya mazishi," Kutbuddin alisema. "Kwa miaka minne alilitafuta jina hilo. Mwaka jana alikosa Jumapili moja tu, kwa homa. Safari hii bati lake limefika nguzoni mara zote nane. Nikasema basi, hili angalau alipate."

Mwishehe alimwacha akapenga pua, kisha akaushusha waya.

Hakuna aliyethubutu kuligusa bati la marehemu, kwa hiyo yote manane yalikuwa kama yalivyoletwa. Mwishehe aliyatoa moja moja. Kuanzia la kwanza mpaka la tano yalitoka bila taabu. La saba alipolivuta, lilitoka na la sita. Nyuzi zake zilikuwa zimesokotana kutoka juu hadi chini zikawa kamba moja, na katani iliyolowa ikakauka ilikuwa imekaza hasa.

"Nani kazisokota?"

"Hakuna. Nassibu, mtunza nguzo, aliuleta waya nami nikautundika. Sikugusa."

"Mbona hizi nyingine hazikusokotana?"

Kutbuddin alivaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Niazime baiskeli, Mzee," Mwishehe alisema. "Na mabati mawili mapya, yenye nyuzi zake."

Alikuwa na miaka saba hajapanda baiskeli, na kitambi hakikuwa kimekaa bure miaka hiyo yote. Alipita Kinondoni akihema, maji yakimtiririka mgongoni, mabati mawili yakigongana kifuani mwake. Mama mmoja aliyekuwa barazani akipepeta mchele alimpigia kelele, "Afande, leo wamekuvika njuga shingoni?" Wenzake wakacheka. Mwishehe naye angecheka siku nyingine.

Alishuka Mlalakuwa. Kijito kilikuwa kimejaa, maji mekundu yakipita chini ya barabara kwa kishindo. Anayekwenda Kawe hushika kushoto, yaani upande wa bara, na anayerudi hushika upande wa pwani. Maiti ilikutwa upande wa bara. Bwana Pringle alikuwa na maelezo yake, kwamba Apolinari alisukumwa akavuka barabara. Lakini Mwishehe alikuwapo jioni ile ya Jumapili, na aliiona baiskeli ya kijani imeegemezwa kwenye ukuta wa kalavati, pedeli imekanyagishwa jiweni isianguke. Mtu aliyesukumwa haegemezi baiskeli. Bwana Pringle alisema aliyeiegemeza ni muuaji, na hapo Mwishehe alinyamaza, kwa kuwa Bwana Pringle alikuwa na jibu la kila kitu.

Akapanda tena. Alipofika njia panda ya Kawe aliyavua mabati, akayatazama, akayatia mfukoni vile vile yalivyo.

Nassibu alikuwa mkulima wa mihogo, mtu wa makamo, mwembamba. Banda lake la makuti lilikuwa hatua ishirini toka kwenye nguzo. Alimkaribisha Sajini kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Jumapili ulikaa wapi?"

"Hapa hapa, Afande. Karatasi ingelowa huko nje. Hapa penyewe ilikuwa inavuja."

"Uliwaona wakizunguka?"

"Kwa mvua ile? Hata nguzo sikuiona. Mie huwa nasikiliza kengele. Kengele ikilia naangalia saa, naandika saa. Wakishapita wote ndio nachukua waya, nafuata mpangilio wa mabati, najaza namba mbele ya saa. Nilikuwaga nafanya hivyo siku zote, na Mzee Kutbuddin anajua."

"Namba uliziandikia wapi?"

"Dukani kwake, Magomeni. Karatasi ilikuwa imeshakauka."

Mwishehe alitoa karatasi yenyewe, akaifungua juu ya goti. Penseli aliyopewa Nassibu na Kutbuddin ilikuwa ile ambayo maandishi yake yakipata maji hugeuka zambarau. Namba zote nane zilikuwa za kijivu, kavu. Saa zilikuwa zambarau, zimetawanyika kidogo pembeni kwa unyevu. Zambarau saba. Ile ya nane, dakika arobaini na tisa, ilikuwa ya kijivu, nayo ilibanwa kati ya mistari miwili.

"Hii mbona haikulowa?"

Nassibu aliitazama karatasi. Akatazama nje.

"Afande, mie nina watoto."

"Sijakuuliza watoto."

"Kengele zilikuwa saba." Alisema kwa sauti ndogo. "Nafika dukani nahesabu, mabati ni manane. Nikasema nimesinzia, moja imenipita. Mwenzangu aliyekuwa hapa mwaka juzi aliondolewa kwa kukosa moja tu. Basi nikatafuta dakika iliyo wazi, nikaichomeka."

"Dakika yako hiyo ndiyo inayompeleka Revelian kwa hakimu kesho."

"Wallahi sikujua kama ni hiyo! Wamesema wamemkamata kwa ugomvi."

Mwishehe alimwandikisha maelezo, akamsomea, Nassibu akatia dole gumba. Mwishehe hakumkaripia tena. Alikuwa na hasira, lakini alikwisha kuona kwamba hasira hiyo ilikuwa inakwenda mahali pengine.

Saa tisa alasiri alikuwa Kinondoni, nyumbani kwa marehemu. Turubai lilikuwa limefungwa uani na wanaume wamekaa chini yake, wengi wao watu wa Bukoba wa parokia moja. Alfonsi, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akipokea watu mlangoni. Alikuwa ndugu wa kuzaliwa wa Tekla, mjane, na Jumatatu ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Poleni na msiba."

"Asante, Afande. Tumeshapoa."

"Nina swali moja juu ya maelezo yako. Tukae ndani."

Walimkuta Tekla amekaa kwenye jamvi. Wanawake wengine walitoka, yeye akabaki.

"Kama ni habari za mume wangu, zisemwe hapa nilipo," alisema. "Au mmekuja kuniambia mnamwachia yule?"

"Bado, mama." Mwishehe alikaa. "Alfonsi, wewe ulitoka nyuma ya Apolinari."

"Dakika mbili nyuma."

"Na bati lako limetangulia la kwake kwenye waya. Basi ulimpita. Ulimpita wapi?"

Alfonsi alirudi hatua moja nyuma.

"Kwa sababu katika maelezo yako umesema hukumwona njia nzima."

"Mvua ilikuwa kubwa sana, Afande."

"Ilikuwa kubwa. Mie leo nimeionja. Lakini unayempita njiani anakuwa karibu hivi." Mwishehe alinyoosha mkono, ukakaribia kugusa bega la Alfonsi. "Na kengele zilizolia nguzoni ni saba. Mabati ni manane. Kuna mtu alipiga kengele mara moja akatungika mawili."

Akatoa mfukoni mabati manne, akayaweka kwenye jamvi mawili mawili.

"Haya mawili ni mapya. Nimeyavaa mie shingoni kutoka Magomeni mpaka Kawe. Tazama nyuzi zilivyosokotana zikipigapiga kifuani. Na haya mengine ni namba sita na namba saba. Yalivaliwa shingo moja. Sasa niambie, shemeji yako alikupa bati lake wapi?"

Tekla aliyatazama mabati. Kisha akamtazama kaka yake.

"Alfonsi," alisema.

Fundi alikaa chini pale pale aliposimama.

"Alikuwa kwenye ukingo wa kalavati," alisema. "Kateleza kwenye tope. Kipaji kinatoka damu, lakini anacheka. Anasema anaona vitu viwili viwili. Nikamwambia turudi. Akasema, 'Wee, Jumapili ya nane hii, unataka kuniharibia? Nitungikie langu. Mie nashuka hapo nikanawe uso, nitakuja taratibu.' Akanivika mwenyewe."

"Ukamwacha."

"Nikamwacha. Hata dakika moja haikutimia. Niliporudi nilishika upande wa pwani, mvua imeziba ng'ambo, sikumwona yeye wala baiskeli, nikasema karudi nyumbani."

"Ukafika nyumbani hayupo."

Tekla ndiye aliyesema.

"Saa sita nilikuuliza. Nilikuuliza hapo ulipokaa, 'Umemwona mwenzio?' Ukaniambia hukumwona. Saa nane nikakuuliza tena."

"Nilidhani kapitia kwa watu, Tekla. Ningesema nimemwona ningeulizwa wapi, na bati lake limefikaje Kawe. Ukibeba la mwenzio mnafutwa wote wawili. Nikasema akija atasema mwenyewe."

"Na alipoletwa amekufa?"

"Mzee Kutbuddin akasema ataliandika jina. Nikaona kafa na kitu kimoja alichokitaka, nisimnyang'anye." Alikuwa akilia sasa, machozi yakimdondokea kwenye mikono. "Kisha wakamkamata Revelian. Kila nikitaka kusema naona nimeshachelewa."

"Ungesema lini?" Mwishehe aliuliza. "Akishanyongwa?"

Nje watu walikuwa wameanza rozari. Mwishehe alisikia uchungu mkubwa, wa kumwonea huruma mtu na kutaka kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Alitoa daftari, akaanza kuandika, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua.

Tekla hakulia. Alisubiri mpaka kalamu iliposimama.

"Afande, yale maneno ya mtaroni ni mie niliyewapelekea polisi. Andika na langu. Andika kwamba nimemsingizia mtu."

"Hukusingizia, mama. Aliyasema."

"Andika. Na umwambie Mzee Kutbuddin alifute lile jina."

"Tekla!" Alfonsi aliinua uso. "Lile alililia miaka minne."

"Lifutwe," Tekla alisema.

Saa kumi na moja Bwana Pringle aliyasoma maelezo yote, akarudia mara ya pili. Akaichukua karatasi ya nguzoni, akachovya ncha ya kidole kwenye kikombe chake cha chai, akaigusa ile dakika ya kijivu. Ikageuka zambarau mbele yao. Akakaa akiitazama. Kisha akavuta fomu ya kumwachia mahabusu, akatia saini bila kuinua uso. Kuhusu Alfonsi alisema ataandikiwa kosa la kutoa maelezo ya uongo, na kwamba kwa hilo lingine, la kumwacha mtu akinawa uso mtoni, hakukijua kifungu chake.

Mwishehe alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu. Revelian alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, magoti pamoja, viatu havina kamba. Mwishehe alimweleza yote kwa kifupi: bati, nyuzi, kengele saba, kalavati.

"Basi umeachiwa," alimaliza. "Kesho hakuna hakimu. Nenda kwenu ukaoge."

Revelian hakuinuka.

"Wakati napita mie kwenda Kawe," alisema, "yeye alikuwa pale chini?"

Mwishehe alikuwa na karatasi ya daktari mfukoni, iliyosema Apolinari alikufa maji, si kwa lile jeraha. Angeweza kusema hakuna ajuaye. Lakini kijana huyu alikwisha kuandikiwa uongo wa kutosha.

"Alfonsi alikuwa amemwacha muda si mrefu. Dakika moja, labda mbili. Alikuwa pale."

"Hai?"

"Nadhani hai."

Revelian alitazama mikono yake.

"Niliiona baiskeli, Sajini. Yeye sikumwona, nimesema kweli. Lakini ile baiskeli ya kijani niliiona, imeegemea ukutani."

Mwishehe alisimama na funguo mkononi. "Neno hilo lingekutoa humu Jumapili ile ile. Mbona hukulisema?"

"Ningeulizwa kwa nini sikusimama." "Nilifurahi. Nikasema kachoka, leo nimempata. Nikakanyaga zaidi."

Mvua ilikuwa bado inapiga juu ya bati la paa. Mlango ulikuwa wazi. Mwishehe alizitia funguo mfukoni, akaingia ndani, akakaa naye kwenye benchi.